Sura ya Sita: Mkono Uliopumzishwa

Tarehe 25 Julai 2019, katika fainali ya besiboli ya shule za sekondari za mkoa wa Iwate, kaskazini mwa Japani, kijana aliyekuwa na mkono mkali kuliko vijana wote wa nchi ile alikaa benchi kuanzia mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Jina lake ni Roki Sasaki, na wakati huo alikuwa na miaka 17. Miezi mitatu kabla, kwenye kambi ya timu ya taifa ya vijana, alikuwa amerusha mpira kwa kasi ya kilomita 163 kwa saa, kasi ambayo hakuna mwanafunzi wa Japani aliyekuwa ameifikia. Shule yake, Ofunato, haikuwa imekanyaga Koshien kwa miaka 35. Koshien ni uwanja wa mashindano ya taifa ya kila kiangazi, na kufika pale ni ndoto ya kila mtoto wa Japani anayevaa glavu. Ulikuwa umebaki ushindi mmoja tu. Ofunato walifungwa 12 kwa 2.

Kocha wao, Yohei Kokubo, mwalimu wa miaka 32, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ameamua hivyo ili kijana asiumie. Hakumshauri Sasaki wala kumuuliza kama anajisikia vizuri, kwa sababu alijua jibu: mchezaji wa miaka 17 akiulizwa kama anaweza kucheza fainali, atasema anaweza hata kama bega linawaka moto. Siku zilizofuata simu za malalamiko zilimiminika shuleni. Watu wazima waliokuwa hawajawahi kuonana na kocha yule walimtukana. Sasaki mwenyewe alikiri kwamba alitamani kurusha, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa kutamani.

Nimewasimulia walimu wa michezo wengi habari hii, mjini Kasese, hapa Uganda, na huko Bwera mpakani, na karibu wote wamesimama upande wa wale waliopiga simu. Mmoja wa Bwera, mtu mpole anayewapenda wanafunzi wake kwa dhati, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Ndugu yangu, fainali ni fainali. Mtoto huyo ningemchezesha, halafu tungempumzisha Desemba." Namwelewa. Kombe likiletwa shuleni, mwalimu mkuu anafurahi, wazazi wanaongezeka, na mtoto anabebwa mabegani. Hata hivyo nimeandika sura hii kwa sababu naamini Kokubo alifanya jambo kubwa kuliko kombe, na maisha yote ya Sasaki uwanjani tangu siku ile yanaonyesha ukubwa wake, pamoja na gharama zake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, mwenye glavu nene na kinyago cha chuma. Mrushaji anatafuta kupitisha mpira mahali ambapo mpigaji angepaswa kuupiga, lakini aukose. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Wakitoka watatu, zamu ya timu yao imekwisha, na mchezo una zamu tisa. Mpira uliorushwa kwa kilomita 160 kwa saa humfikia mpigaji katika muda usiofika nusu ya sekunde, na katika muda huo anapaswa kuuona, kukata shauri na kuzungusha gongo. Ndiyo maana katika besiboli mrushaji ni nusu ya timu. Ndiyo maana pia hutumika hadi anakatika.

Kukatika huko hakutokei kwenye misuli tu. Ndani ya kiwiko, upande unaotazama mwili, kuna ukano mfupi unaofunga mfupa wa mkono wa juu na wa chini. Kila mrusho wa nguvu unauvuta ukano huo karibu na kikomo chake, na kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, sehemu laini za kukulia nazo zinavutwa. Mrusho mmoja haukati kitu. Hatari ni mrusho wa 100 wa siku hiyo, mwili ukiwa umechoka, miguu haisukumi tena, na kazi yote imeachiwa bega na kiwiko. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe wa Los Angeles alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji ambao haukuwa umefanywa kabla yake: alichukua ukano kutoka mkono mwingine na kuupandikiza kwenye kiwiko kilichoharibika. John alirudi uwanjani na kushinda michezo 164 zaidi. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na watoto wa sekondari nao hufanyiwa.

Katika mashindano yale ya Iwate, Sasaki alikuwa amerusha mipira 19 katika mchezo wake wa kwanza, 93 katika wa pili, na tarehe 21 Julai, katika mchezo uliokwenda zamu 12, alirusha mipira 194. Kesho yake Kokubo alimpumzisha, na wenzake wakashinda bila yeye. Tarehe 24 akarudi nusu fainali akarusha 129. Jumla ni mipira 435 ndani ya siku tisa, na fainali ilikuwa kesho yake. Anayesema kocha alimdekeza mtoto azitazame hesabu hizo tena.

Japani ilikuwa na sababu ya kujua. Mwaka 1961 timu ya Chunichi Dragons ilimpata mrushaji mpya, Hiroshi Gondo. Alishinda michezo 35 mwaka wake wa kwanza na kurusha zamu 429, wakati leo mrushaji bora duniani hafiki 230 kwa mwaka. Mashabiki wakawa wanasema kwa kujivunia kwamba leo ni Gondo, kesho Gondo, kesho kutwa mvua, na mtondo Gondo tena. Mwaka wa pili alishinda 30. Mwaka wa tatu alishinda 10, na wa nne sita. Mkono ulikuwa umekwisha. Gondo alikuja kuwa kocha, na mwaka 1998 aliiongoza Yokohama BayStars kutwaa ubingwa wa Japani, akijulikana kwa jinsi alivyowalinda warushaji wake. Alijifunza kwa mwili wake mwenyewe kile ambacho waliomtangulia walipaswa kumfundisha.

Ili kumwelewa Sasaki inabidi turudi nyuma hadi tarehe 11 Machi 2011, na hapa ndipo watu wa Kasese watakapomtambua kuliko wasomaji wa mahali pengine. Alizaliwa tarehe 3 Novemba 2001 Rikuzentakata, mji mdogo wa pwani. Saa nane na dakika 46 mchana, akiwa na miaka tisa, yuko shuleni, ardhi ilitikisika kwa tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Japani. Watoto walikimbizwa mlimani. Bahari ikaja ikaufagia mji. Rikuzentakata ilipoteza watu zaidi ya 1,700. Miongoni mwao walikuwamo baba yake Roki, aliyekuwa na miaka 37, pamoja na babu na bibi yake. Mama yake alibaki na wavulana watatu. Roki alikuwa wa katikati. Wakahamia Ofunato, mji jirani ambao nao ulikuwa umepigwa na wimbi lilelile.

Kasese tunajua mji kufagiliwa ni nini. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka kutoka Rwenzori ukapita bonde la Kilembe na mawe makubwa kuliko magari, ukabeba nyumba, madaraja na mashamba. Ukarudia mwaka uliofuata. Mei 2020, wakati nchi nzima ilikuwa imefungiwa ndani kwa sababu ya korona, mito kadhaa ya wilaya ilifurika kwa pamoja. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa na maelfu ya watu wakakosa makao. Ukitembea leo kando ya Nyamwamba utaona mawe yale bado yamelala mahali palipokuwa na vyumba vya kulala. Waliohama walilala kwanza kwenye madarasa, na baadaye wengine wakapelekwa kambi ya Muhokya, ambako miaka ilipita na watoto wakaendelea kukua. Na Bwera, baada ya usiku wa Juni 2023 waasi walipovamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe na kuwaua makumi ya watu, wengi wao wanafunzi, haihitaji kuelezwa jinsi saa moja inavyoweza kumwondolea mtoto kila kitu alichokizoea.

Kuna jambo la pwani ya Iwate ambalo halizungumzwi sana, nami naliona kubwa. Baada ya wimbi, viwanja vya shule vilijaa nyumba za muda. Palikuwa hapana pengine pa kuzijenga, maana sehemu tambarare zilikuwa chache na nyingine zilikuwa zimejaa vifusi. Watoto walioondokewa na wazazi wao wakawa hawana pia mahali pa kukimbia. Watu wazima wa miji ile waliona hasara hiyo nayo ni hasara. Walitafuta vipande vya ardhi, wakasafisha, wakawakusanya watoto kufanya mazoezi. Sasaki amesema mara kadhaa kwamba besiboli ndiyo iliyomwezesha kusahau kwa muda. Sisi tunapogawa unga, maharage na maturubai, na hivyo ni lazima vigawiwe, uwanja wa mpira hatuuweki kwenye orodha. Naamini unapaswa kuwemo. Mtoto wa miaka tisa hawezi kumlilia baba yake saa 24, na anapopumzika kulia anahitaji kitu cha kufanya na wenzake.

Sasaki akiwa shule ya kati, mgongo wake ulipata ufa kwenye mfupa wa kiuno, maradhi ya watoto wanaokua haraka na kufanya mazoezi kupita kiasi. Alikaa nje kwa miezi. Alipopona na kasi yake ikaanza kusikika, shule kubwa zenye majina zikamtaka. Japani, kama kwetu, mwanamichezo hodari huvutwa na shule za mbali kwa ahadi ya chakula, malazi na karo. Alikataa. Alitaka kwenda Koshien na wavulana wa Ofunato aliokua nao baada ya maafa. Basi fikiria uzito wa siku ile ya fainali: alikuwa amekataa njia rahisi ya kufika Koshien ili afike na rafiki zake, na amebakiza mchezo mmoja, na mwalimu anamwambia akae.

Oktoba 2019, siku ya kuwagawa vijana kwenye timu za kulipwa, timu nne zilimtaja yeye kuwa chaguo la kwanza, na kura ikawaangukia Chiba Lotte Marines. Mwaka mzima wa 2020 hakurusha katika mchezo hata mmoja, si kwenye timu kubwa wala ya akiba. Alisafiri na timu kubwa, alifanya mazoezi, alikula, alilala na kupimwa. Aliyekuwa akimsimamia ni Masato Yoshii, mrushaji wa zamani aliyecheza pia Marekani na baadaye akasomea sayansi ya michezo chuo kikuu. Mwili wa Sasaki, mrefu wa mita 1.92, ulikuwa haujakomaa kubeba kasi uliyokuwa unaitoa. Magazeti yalinung'unika. Timu ilikuwa inamlipa mtu asiyecheza. Lotte wakavumilia, na kwa hilo wanastahili sifa kuliko wanayopewa. Mei 2021 akaanza kucheza, na ushindi wake wa kwanza ulitokea tarehe 27 mwezi huo dhidi ya Hanshin Tigers, katika uwanja wao wa nyumbani. Uwanja huo ni Koshien.

Kisha ikaja tarehe 10 Aprili 2022. Sasaki alikuwa na miaka 20, na mdakaji wake, Ko Matsukawa, alikuwa na 18, ndiyo kwanza ametoka sekondari. Walicheza na Orix Buffaloes. Silaha kuu za Sasaki zilikuwa mbili: mpira wa kasi unaokwenda moja kwa moja, na mwingine unaoshikwa kwa kuubana katikati ya kidole cha shahada na cha kati vikiwa vimepanuliwa. Mkono unakwenda kwa kasi ileile, mwili unafanya yaleyale, lakini mpira huo hauzunguki sana, na ukikaribia kwa mpigaji unadondoka ghafla chini ya gongo. Mpigaji hajui ni upi unaokuja hadi umekwisha kufika. Siku hiyo wapigaji 27 walisimama mbele yake na wote 27 wakatoka kapa, hakuna aliyekanyaga hata kituo cha kwanza. Kati yao 19 walitoka bila kuupiga mpira ndani ya uwanja, 13 kwa mfululizo. Rekodi ya mfululizo ya Japani ilikuwa tisa. Mchezo mkamilifu wa namna hiyo ulikuwa haujaonekana katika ligi ile kwa miaka 28, na hajawahi kuufanya mtu mwenye umri mdogo kama wake. Alirusha mipira 105.

Wiki moja baadaye, dhidi ya Nippon-Ham Fighters, alirudia. Zamu nane zilipita, wapigaji 24, hakuna aliyepita. Mlolongo wa watu aliowatoa mfululizo ukafika 52. Michezo miwili mikamilifu mfululizo haijawahi kufanywa na mtu yeyote katika ligi kubwa. Hesabu ya mipira ilikuwa imefika 102, timu zote mbili hazijapata alama. Kocha mkuu Tadahito Iguchi akamtoa. Uwanja mzima ulipigwa na butwaa. Lotte wakafungwa 1 kwa 0 katika zamu ya kumi. Kwa mara ya pili katika maisha yake, mtu mzima alikuwa amesimama kati ya Sasaki na siku kubwa, na safari hii kelele zilikuwa chache. Nchi ilikuwa imeanza kuelewa.

Mwaka 2023 Japani ilimwita kwenye Kombe la Dunia la besiboli. Ratiba ilimpangia kurusha dhidi ya Jamhuri ya Cheki, Tokyo, tarehe 11 Machi, miaka 12 kamili tangu wimbi. Wacheki wengi walikuwa watu wenye kazi zao, walimu na mafundi, waliochukua likizo kuja kucheza. Mpira mmoja wa Sasaki, wa kilomita 162 kwa saa, ulimgonga Willie Escala mguuni karibu na goti. Escala alianguka, akasimama, na badala ya kutoka akakimbia kwa nguvu kando ya mstari kuonyesha kwamba yuko mzima, uwanja ukampigia makofi. Siku chache baadaye Sasaki alifika kwenye hoteli ya Wacheki akiwa amebeba mifuko miwili mikubwa iliyojaa peremende na biskuti za Lotte, kampuni iliyomiliki timu yake ya wakati huo, akampa Escala na kumwomba radhi. Picha za kijana mrefu mwenye haya akikabidhi mifuko ya pipi zilienea dunia nzima. Japani ilitwaa kombe lile.

Mwili, hata hivyo, ulikuwa haujamalizana naye. Mwaka huohuo alichanika msuli wa ubavuni. Mwaka 2024 alishinda michezo 10, mara yake ya kwanza kufika hapo, lakini bila kumaliza mwaka kwa afya njema. Na mwisho wa mwaka akaomba kwenda Marekani. Hapa watu wengi walishangaa. Kanuni za ligi ya Marekani zinasema mchezaji wa nje aliye chini ya miaka 25 huhesabiwa kama mwanagenzi, na malipo yake yana kikomo. Mwenzake Yoshinobu Yamamoto alikuwa amesubiri hadi 25, na Desemba 2023 akasaini na Los Angeles Dodgers mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 325. Sasaki alikwenda akiwa na miaka 23, timu hiyohiyo, kwa dola milioni 6.5. Kwa wengi ilikuwa ni kutupa mamia ya mamilioni. Mimi naona vingine. Yeye mwenyewe amesema kwamba maafa yalimfundisha kutochukulia siku za kawaida kuwa ni haki yake. Mtu aliyejifunza hilo akiwa na miaka tisa hawezi kupanga miaka miwili ijayo kwa utulivu walionao wengine.

Njia ya kwenda kwa Dodgers ilikuwa imefunguliwa tangu 1995 na Hideo Nomo, ambaye alilazimika kustaafu kwa maandishi huko Japani ili apate ruhusa ya kucheza Marekani, akaitwa msaliti, kisha akawa mwanamichezo bora mpya wa ligi yake mwaka uleule. Sasaki hakuitwa msaliti. Lakini alianza vibaya. Mchezo wake wa kwanza, Machi 2025, ulichezwa Tokyo dhidi ya Chicago Cubs, na katika zamu tatu aliwapa watu watano njia ya bure kwa kukosa shabaha. Mei bega likaanza kuuma, kasi ikashuka, akawekwa kando kwa zaidi ya miezi minne. Wenye kumbeza wakasema mkono uliolindwa sana umekuwa mkono laini. Alirudi mwishoni mwa Septemba katika kazi ambayo hakuwa ameizoea: kuingia mchezo ukielekea kwisha na kuufunga. Tarehe 9 Oktoba 2025, dhidi ya Philadelphia Phillies katika mchezo wa kufa kupona, aliingia zamu ya nane akawatoa wapigaji tisa mfululizo katika zamu tatu, na Dodgers wakashinda katika zamu ya 11. Tarehe 1 Novemba wakawa mabingwa kwa kuwafunga Toronto Blue Jays. Keshokutwa yake Sasaki alitimiza miaka 24.

Mapema mwaka ule, kabla msimu haujaanza, moto wa msitu ulikuwa umewaka Ofunato, mkubwa kuliko mioto yote ya Japani kwa miongo mingi, na watu wakahama tena. Sasaki alikuwa mazoezini Marekani. Alituma yeni milioni 10 na seti 500 za matandiko. Wengi walizungumzia fedha, mimi nimeyafikiria zaidi matandiko. Ni zawadi ya mtu aliyewahi kulala mahali pasipo pake.

Je, mambo haya yanatuhusu vipi, sisi ambao watoto wetu kando ya barabara ya Mpondwe hurusha mawe kwenye miembe na hawajashika mpira wa besiboli? Yanatuhusu kwa njia iliyo karibu kuliko tunavyodhani. Uganda ina besiboli yake. Mwaka 2011 watoto wa timu moja ya Kampala walishinda kanda yao na kupata tiketi ya mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, kisha wakanyimwa viza kwa sababu karatasi za kuzaliwa hazikulingana. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilifika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika katika mashindano yaliyoanza 1947, na kabla ya kurudi nyumbani ikawafunga watoto wa Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 Waganda waliwafunga Jamhuri ya Dominika, taifa ambalo besiboli ndiyo uhai wake. Mwaka 2022 Dodgers, timu ileile ya Nomo na Sasaki, iliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates wakamsajili mrushaji David Matoma, ambaye mpira wake hufika karibu kilomita 160 kwa saa. Yaani mkono wa kasi ile umekwisha kupatikana nchini mwetu. Ulipatikana kwa sababu huko Lugazi na Mpigi kulikuwa na uwanja, glavu na mtu wa kutazama.

Na hata pale pasipo na glavu, tatizo la Gondo tunalo. Mtoto wa Kasese mwenye kipaji huchezea shule yake Ijumaa, parokia Jumamosi, na timu ya kijiji katika kombe la mbunge Jumapili. Msichana anayekimbia vizuri huandikishwa mita 800, 1,500 na 3,000 siku moja. Kila mwalimu anamwomba mara moja tu, na hakuna anayejumlisha. Akianza kuchechemea anapakwa dawa ya kuchua na kuambiwa avumilie hadi mashindano yaishe. Nimewaona waliokwisha wakiwa na miaka 19, na inauma kwa sababu hakuna aliyewatakia mabaya.

Jawabu huanza kwa kuhesabu. Mwaka uleule wa kisa cha Ofunato, shirikisho la besiboli la shule za sekondari Japani liliunda kamati, na kuanzia 2020 mrushaji wa sekondari haruhusiwi kuzidisha mipira 500 kwa wiki katika mashindano. Wataalamu wengi wanasema bado ni mingi, nami nakubaliana nao. Mashindano ya watoto ya Williamsport ni makali zaidi: mtoto wa miaka 7 au 8 haruhusiwi kuzidisha mipira 50 kwa siku, wa 9 na 10 mwisho wake ni 75, wa 11 na 12 ni 85. Kwa wenye miaka 14 kushuka chini, aliyerusha 66 au zaidi hupumzika siku nne kamili. Aliyefika kati ya 51 na 65 hupumzika siku tatu, kati ya 36 na 50 siku mbili, kati ya 21 na 35 siku moja. Daftari moja la shule na kalamu vinatosha kwa timu nzima, na anayehesabu asiwe kocha mwenyewe, maana macho ya kocha yako kwenye matokeo. Kuna pia kanuni ndogo ambayo wageni wa mchezo huu huisahau: mtoto aliyerusha mipira 41 au zaidi haruhusiwi kuhamia kudaka siku hiyohiyo, kwa sababu mdakaji naye huurudisha mpira kwa mrushaji kila mara, na mkono unaotumika ni uleule.